Vipande Nilivyovikata Kwenye Albamu ya Wageni

Zuhura mwanangu,

Habari za chandarua, dawa za malaria na kuangalia mlango mara mbili kabla ya kulala nimemwachia baba yako. Tangu juzi anazifanyia mazoezi bafuni, namsikia. Akianza kukuambia mwache amalize, maana ukimkatiza anarudi mwanzo kabisa. Mimi nina jambo moja tu, na hilo moja nimeshindwa kusimama mbele yako nikalitamka, ndiyo maana unalisoma. Miaka ishirini na tisa nimekaa masijala nikipokea na kupanga barua za watu wengine, leo hii yangu mwenyewe inanitoa jasho.

Ni saa nane mchana. Nyie mmekwenda Ubungo kutafuta begi lenye magurudumu, mimi nimesingizia mgongo. Mgongo mzima kabisa, alhamdulillahi. Nilitaka tu nyumba iwe tupu.

Jumapili tukiwa tunakula, baba yako alikuuliza kama utapita Bunju kumuaga bibi yako kabla ya kwenda kuanza kazi ya maabara Kigoma. Labda wewe umeshasahau ulivyomjibu. Mimi ninakumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa na tonge mkononi na halikufika mdomoni.

"Kibamba mpaka Bunju, baba? Na foleni ile? Nitampigia nikishafika."

"Bibi hapigiwi, bibi anaagwa," akasema baba yako.

"Baba, usinielewe vibaya. Kwani yule bibi ananijua? Kaondoka mie sijafika hata miaka mitatu, kaenda Bunju kulea watoto wa shangazi. Albamu nzima ile, nitafutie picha moja tu kanibeba. Moja! Hamna."

Baba yako alinitazama mimi. Alinitazama mpaka mchuzi ukaganda, na mimi kwa ushujaa wangu wote nikasema, "Jamani ongezeni mboga, zimebaki nyingi."

Basi sikiliza. Bibi yako yumo kwenye ile albamu. Alikuwamo kwenye picha kumi na moja. Nilimkata mimi, kwa mkasi.

Usiweke barua chini kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu utaamua unifanye nini.

Nyie mliokulia kwenye simu hamjui albamu ilikuwa kitu gani. Siku hizo mgeni akifika nyumbani kwako, hata maji ya kunywa hayajafika, anawekewa albamu mapajani. "Karibu, angalia picha kidogo." Yeye anafunua, wewe unapata nafasi ya kukimbia dukani kwa Mangi kuchukua soda na kuazima glasi kwa jirani. Ukirudi unakuta ameshasoma maisha yako yote: umeolewa lini, ndugu zako wanavaaje, una kabati au nguo zako zinaning'inia kwenye msumari. Wenye sebule walikuwa na sebule. Sisi tuliopanga chumba kimoja na kijinafasi pale Tandika, albamu ndiyo ilikuwa sebule yetu.

Nyumba ile ilikuwa na familia sita, korido katikati, ua mmoja, choo kimoja. Chumba cha bibi yako kilitazamana na chetu, mlango kwa mlango. Alfajiri yeye yuko nje barazani anakaanga vitumbua, mimi naamka kwa harufu. Na mimi nilikuwa nani? Binti wa mwalimu kutoka Upareni, nimepata kazi ofisi ya mjini, nimejaa majivuno mpaka shingoni. Viatu vya kisigino nilivibeba kwenye mfuko, natembea na kandambili mpaka barabara ya lami, hapo ndipo nabadilisha. Jioni nikirudi, palepale kwenye lami, nabadilisha tena. Mtaa mzima ulikuwa unajua ninapobadilishia. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani ni siri.

Mpiga picha wetu alikuwa Fundi Shomari. Alikuja siku za Idi, harusi, na mtoto akitimiza mwaka. Mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita, kwa hiyo hakuna kupiga ovyo. "Mama Zuhura, kidevu juu! Baba, vuta tumbo! Msinipotezee mkanda jamani!" Akishapiga, mnasubiri wiki mbili zisafishwe, na siku zikirudi watu wote wa nyumba wanajaa kwenye korido kuziangalia, wanachekana mpaka machozi.

Siku zilipokuja za kwako, za kutimiza mwaka, kila mtu alikutazama wewe. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye ndoo. Ndoo, mwanangu! Mtoto wangu wa kwanza amekaa kwenye kigoda, kavaa gauni la njano, meno mawili yamechomoza, na mimi nimeona ndoo tano za maji zimejipanga nyuma yake kama zinasubiri kupigwa picha na zenyewe. Nikaona jiko la mkaa. Nikaona bati lenye kutu. Na nikamwona mama mkwe wangu amechuchumaa pembeni, kanga kaifunga kifuani, unga umemkauka kwenye viwiko, amenyoosha mkono kukushika mgongo usianguke, maana ulikuwa hujajua kukaa vizuri kwenye kigoda.

Nilikuwa nimenunua albamu Kariakoo siku si nyingi. Jalada lina ziwa na milima ya theluji ambayo hakuna mtu wa Tandika aliyewahi kuifikia. Nikaona vitu hivi viwili haviendani. Nikavuka korido.

"Mama, naomba mkasi."

"Wa nini?" Bibi yako alikuwa na mkasi mzuri wa kushonea, hampi kila mtu.

"Nakata makaratasi tu."

"Usiutie butu," akasema, akanipa.

Ndiyo. Mkasi wenyewe nilimwazima yeye. Nilikaa kitandani nikakata picha moja baada ya nyingine, wima, vizuri kabisa, kama fundi. Upande mmoja tubaki mimi, wewe, baba yako na koti lake la kuazima. Upande mwingine ziende ndoo, jiko, bati, kamba ya nguo, majirani, na bibi yako. Niliporudisha mkasi nilimwambia ahsante mama. Akaniambia, "Umemaliza makaratasi yako?" Nikasema nimemaliza.

Shida ilikuwa ule mkono. Ulikuwa umekushika mgongoni, na ningeukata ningekata na bega lako. Nikaona isiwe tabu, nikauacha. Kwa hiyo picha ya kwanza kabisa ya albamu ikawa wewe umekaa kwenye kigoda, mimi nimesimama wima, na mkono umetokea pembeni, una bangili ya fedha, mkono usio na mtu. Wewe mwenyewe uliwahi kuniuliza ukiwa darasa la pili. Nikakuambia, "Wa jirani."

Lakini kabla yako kuna mtu aliuliza, na huko ndiko nilikoharibu.

Nilikuwa nimepandishwa cheo kidogo, na mkuu wangu wa ofisini, tuliyekuwa tunamwita Madamu, akasema Jumamosi atapita kunipongeza. Nilifagia mpaka barabarani. Alipokuja nikamketisha kitandani, kwenye shuka jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, nikampa albamu. Kafungua ukurasa wa kwanza, akatabasamu.

"Mashallah, mtoto. Na mkono huu wa nani?"

Kwenye kichwa changu kulikuwa na majibu mengi tu. Ningesema wa mama mkwe, angesema mashallah mara ya pili, tukaendelea. Nikasema, "Wa dada wa kazi."

Hatukuwa na dada wa kazi, Zuhura. Hatujawahi kuwa naye. Na nilipoinua macho, bibi yako alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai na vitumbua alivyokaanga mara ya pili siku hiyo kwa ajili ya mgeni wangu. Bangili iko mkononi.

Hakumwaga hata tone. Aliingia, akaweka sinia chini, akamwambia Madamu, "Karibu mwanangu, kula vikiwa vya moto." Madamu akautazama mkono uliokuwa unamimina chai. Akaitazama picha. Akaifunga albamu polepole, akaanza kuongea habari za mvua. Mwanamke mstaarabu sana yule. Vitumbua alikula vinne.

Siku chache baadaye bibi yako akamwambia baba yako kwamba shangazi yako wa Bunju amejifungua mapacha na anahitaji msaada. Ilikuwa kweli, mapacha walikuwapo. Kila mtu akaridhika na sababu hiyo. Na mimi, niwe mkweli maana nimeshaanza, nilipumua. Wiki iliyofuata niliweka kabati kwenye chumba chake.

Ndivyo alivyoondoka. Hakukukimbia wewe. Wewe ulilia siku tatu, ukawa unakwenda kugonga ule mlango kwa kiganja, tap tap tap, na mimi nakuambia bibi kasafiri.

Sasa vile vipande. Kwetu Upareni mama yangu alitukataza kabisa kuchoma picha ya mtu aliye hai, kwamba ni kama kumwombea mabaya. Nilikuwa najifanya mtu wa mjini lakini hilo lilinishinda. Kuvitupa jalalani watoto wangeviokota wakavizungusha mtaa mzima. Kwa hiyo niliogopa kuvichoma, niliogopa kuvitupa, na niliona aibu kuviweka. Nikavitia kwenye bahasha ya kaki ya ofisini, nikaisukuma chini ya nguo. Tumehama Tandika, tumejenga hapa Kibamba, nguo nimebadilisha mara ngapi sijui, bahasha inahama na mimi.

Nimevitandaza hapa mezani. Vyote kumi na moja. Nimevaa miwani, na nikuambie ninachokiona, kwa sababu kwa miaka yote hii nilijua nilikata nini ila sikuwahi kuvitazama.

Hiki cha kwanza ni cha siku yako ya kuzaliwa, chenye zile ndoo. Kumbe kila ndoo ina kitambaa tofauti kimefungwa kwenye mshikio, ili tusigombane nani kachota maji ya nani. Ya kwetu ina utepe mwekundu. Ukutani, kwenye bati, kuna maandishi ya chaki, nimechukua dakika tano kuyasoma: ZAMU YA KUFAGIA UANI. Majina sita. La kwangu limepigiwa mstari mara mbili na pembeni kuna mtu kaandika "AMKA." Miaka yote nimekusimanga wewe kwa uvivu wa kufagia! Hilo naomba tulimalize hapa hapa kwenye barua, baba yako asilijue.

Hiki kingine kimekatwa kwenye picha ya Idi. Upande wa albamu ni baba yako na lile koti, amesimama kama anakwenda kuapishwa. Kwenye kipande kuna Mzee Kibwana wa chumba cha mwisho na redio yake, waya wa redio umefungwa kwenye kamba ya nguo ili ishike mawimbi vizuri. Mtu akianika nguo mbichi taarifa ya habari ilikuwa inakwaruza, na mzee anapiga kelele, "Nani kaanika?" Nilikuwa nimesahau kabisa. Na kwenye kamba hiyo hiyo, juu ya kichwa cha bibi yako, kuna nepi. Nimezihesabu, ni kumi na nne, nyeupe pe, zimevutwa kila moja zisikunjamane.

Nilizitazama hizo nepi muda mrefu. Mimi nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi magharibi, nakuta nepi zimekunjwa kitandani. Sikumbuki kufua hata moja siku za kazi. Sikumbuki hata kuuliza. Nafikiri nilidhani zinajifua.

Cha saba ndicho kinachonifanya niandike. Ile picha yangu unayoipenda, ile nimesimama mlangoni na gauni la bluu, nimegeuka pembeni nacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Kila mara unaniuliza, "Mama, hapa ulikuwa unamcheka nani?" Nami nakuambia sikumbuki.

Nilikuwa nakucheka wewe. Wewe uko kwenye kipande hiki. Umefungwa mgongoni kwa bibi yako kwa kanga, umeinua mikono yote miwili kama unaendesha pikipiki, na yeye amegeuza shingo anakutazama, anacheka vilevile kama mimi. Ilikuwa haiwezekani kumkata yeye nikakubakiza wewe. Nikakukata na wewe.

Ulisema nikutafutie moja tu kakubeba. Ninayo. Iko hapa, upana wake kama vidole vitatu, imefifia rangi lakini sura zenu zote mbili zinaonekana. Nimeitia kwenye bahasha pamoja na nyingine.

Ninapozitazama nusu zilizobaki kwenye albamu, Zuhura, zimejaa watu waliojiandaa. Kidevu juu, tumbo ndani. Mtu akiniuliza tuliishije Tandika, siwezi kumwonyesha kitu hapo. Ataona tu kwamba siku fulani tulivaa vizuri. Tulivyochota maji, tulivyolea watoto, tulivyogombana kwa chaki na tukasikiliza habari kwa kamba ya nguo, vyote viko kwenye taka yangu. Fundi Shomari masikini alikuwa anatupigia picha za maisha yetu bila kukusudia, na mimi nikakaa kitandani nikasahihisha.

Nakuambia hivi kwa sababu wewe ni mwanangu na nakujua. Juzi nilikuona hapo nje unajipiga picha na simu kwa ajili ya kuwaaga wenzako. Ulijipiga picha kumi na nne, ukafuta kumi na tatu. Ulisogeza ndala za baba yako, ukasogeza beseni, hata paka ulimfukuza. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Utafika huko utapewa chumba, utaweka pazia, utatutumia picha. Jipodoe, pendeza, sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe ukinipiga picha bila kilemba nakushtaki. Nakuomba tu, katika zile unazofuta, ubakize mojamoja. Yule mama atakayekuuzia dagaa asubuhi, mpige. Mwenzako wa maabara akiwa amesinzia juu ya kiti, mpige, halafu mwombe radhi. Hujui leo ni kipi utakuja kukitafuta. Mimi sikujua nitakuja kuzihitaji zile nepi.

Hapa nilisimama. Saa tisa na nusu sasa. Niliposoma nilichoandika nikaona nimekuambia wewe kila kitu, na mwenye mkono wake sijamwambia neno. Nikachukua simu nikampigia. Nakuandikia ilivyokuwa, sijapunguza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Wewe ukipiga siku isiyo ya Idi lazima niulize. Haya sema, nina mboga jikoni."

Nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanikimbia. Nikasema mama zile picha nilikukata, na ule mkono, siku ile ya mgeni wangu, mama. Upande wa pili nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga.

"Dada wa kazi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na likizo hukunipa hata siku moja."

Zuhura, nilicheka na machozi yakatoka kwa pamoja, nikawa natoa mlio kama birika. Yeye akasubiri nimalize.

"Sasa mie nikwambie," akasema. "Sikuondoka kwa sababu ya picha. Picha karatasi ile. Hata lile neno lako, nilisema huyu mtoto kaona aibu mbele ya mkubwa wake, ulimi umeteleza. Mlango wangu na wako si ulikuwa unatazamana? Nilikaa siku nane nimeuacha wazi, mchana na magharibi. Nikasema atakuja, ataniambia mama nisamehe, nitamtukana kidogo, yataisha. Ukawa unapita hapo na viatu vyako kwenye mfuko, unatazama chini. Siku ya tisa nikaufunga."

"Nilidhani umesahau, mama. Ulikuwa unanisalimia kama kawaida."

"Nilikuwa nakusalimia ili uingie."

Nimekuwa nikijiambia miaka yote kwamba kosa langu ni mkasi, kisha nikajiambia ni lile neno. Kumbe vyote viwili alikuwa tayari kunisamehe kabla ya wiki kuisha, alichohitaji ni hatua nne za korido. Nilipita pale mara ngapi? Asubuhi na jioni, siku nane. Nilikuwa nangoja aibu ipungue kwanza ndipo niingie. Haikupungua, mwanangu. Ilizoea tu kukaa na mimi.

Nikamwambia, "Mama, Zuhura anaondoka kesho kwenda Kigoma kikazi. Anadhani hukumtaka."

Kule kwake kutwanga kulisimama, sijui alimpungia mkono anayetwanga aache.

"Hilo ungenipigia zamani," akasema. "La mkono lilikuwa langu na lako, tungezeeka nalo. La mtoto siyo letu. Umemwacha akue nalo?"

"Ndiyo, mama."

"Mpumbavu wewe."

"Ndiyo, mama."

"Vipande unavyo?"

"Vyote."

"Mie macho yangu sasa naona vivuli tu, sitaviona. Aje mwenyewe mke mwenzangu anisomee. Aniambie kuna nini, nami nitamwambia kulikuwa na nini."

"Na asipokubali kuja?"

"Asipokubali, wewe utakuja. Siku hizi milango yangu haitazamani na mtu, itabidi upande magari. Haya, mboga inaungua." Akakata.

Ukiwa mdogo ulikuwa hupendi akikuita mke mwenzangu. Ulirudi kutoka Bunju siku moja ya Idi umenuna, ukasema bibi hata jina langu halijui. Nilipaswa kukueleza kwamba bibi wa Pwani hamwiti hivyo mjukuu asiyempenda, ndivyo wanavyotaniana na wajukuu wao. Nilikaa kimya hata hapo, maana kukueleza hilo kungefungua na mengine.

Basi lako ni kesho saa kumi jioni, na kutoka hapa mpaka kituoni Mbezi si mbali. Asubuhi yote iko wazi. Mimi saa kumi na mbili natoka kwenda Bunju na hii bahasha, uje usije. Hilo nimeshaliamua na halikutegemei wewe, kwa hiyo usije kwa kunionea huruma. Ukija, nitafurahi kiasi ambacho sitaki kukiandika. Usipokuja, nitamsomea mimi hivyo vipande, na nitamwambia ukweli kwamba umekasirika na una haki, naye atasema umerithi kwake, maana yeye naye ni mtu wa siku nane.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye mfuko wa ndani wa begi jipya, uikute Kigoma, mimi nikiwa mbali na uso wako. Nilijiona mjanja kweli. Sasa naona hiyo ingekuwa ni kupita tena kwenye ile korido natazama chini. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Kaa chumbani kwako usome. Mimi nitakuwa nje kwenye ngazi.

Ukimaliza, njoo. Ukiwa na hasira, njoo nazo hivyo hivyo, usizisubiri zipoe. Mimi nimejaribu njia hiyo ya kusubiri kwa zaidi ya miaka ishirini na nimekueleza ilikonifikisha. Niulize chochote. Nitakujibu hata lile ambalo litanivua nguo. Na ukikosa la kusema, kaa tu pembeni yangu, nitasogea nikupe nafasi.

Nasikia geti. Baba yako anagombana na magurudumu ya begi. Naja.

Mama yako,
aliyeko nje kwenye ngazi